Je, mtu wa kwanza kumiliki mtumwa Marekani alikuwa Mwafrika?

*"Mwalimu, habari za kazi. Tunaishi Virginia mwaka wa saba sasa, mimi, mume wangu na watoto watatu. Wiki iliyopita shemeji yangu alituma kipande cha video kwenye kundi la familia. Kinasema mtu wa kwanza kumiliki mtumwa Marekani alikuwa Mwafrika kutoka Angola aitwaye Anthony Johnson, na kwamba kabla yake hapakuwa na utumwa, wote weusi kwa weupe walikuwa watumishi wa mkataba tu. Chini yake shemeji akaandika, 'Kumbe sisi ndio tuliowafundisha.' Kijana wangu ana miaka 13, alikuwa amesimama nyuma yangu anasoma. Akaniuliza, 'Mama, ni kweli tulianza sisi?' Shuleni wenzake wawili wameshamtupia maneno hayohayo. Nilimwambia ni uongo, lakini nilipotafuta nikakuta huyo Johnson kweli alikuwepo na kweli alikuwa na mtumwa. Sasa nimwambie nini mtoto bila kumdanganya?"*

Dada yangu, pole kwa yaliyomkuta kijana shuleni. Na umefanya vyema kwenda kutafuta badala ya kung'ang'ania jibu la kwanza lililokutoka mdomoni.

Nikujibu moja kwa moja. Anthony Johnson alikuwepo, alitoka Angola, na alikuwa na mtumwa aliyeitwa John Casor. Hayo matatu ni kweli. Kwamba alikuwa wa kwanza ni uongo, na kwamba utumwa ulianzia kwake ni uongo mkubwa zaidi. Utumwa wa Virginia ulitungwa na mahakama na baraza la koloni, hatua baada ya hatua, kwa zaidi ya miaka 60. Johnson hakuwahi kuketi katika baraza hilo hata siku moja, na mwisho wa yote sheria zao ziliigeukia familia yake mwenyewe.

Tuanze na hilo neno "wa kwanza", maana ndilo lililobeba mzigo wote wa ile video. Kesi wanayoitegemea iliamuliwa Machi 1655 katika mahakama ya kaunti ya Northampton, ng'ambo ya ghuba ya Chesapeake. Sasa hesabu kurudi nyuma. Wahispania walipoanzisha mji wa St. Augustine, Florida, mwaka 1565, watumwa Waafrika walikuwemo. Shemeji akisema tuhesabu makoloni ya Waingereza peke yake, Massachusetts iliukubali utumwa katika sheria zake za mwaka 1641, miaka 14 kabla ya kesi ya Johnson. Akisema tubaki Virginia, mwonyeshe John Punch.

Mwaka 1640 watumishi watatu wa bwana mmoja walitoroka pamoja kwenda Maryland: Mholanzi, Mskoti, na mtu mweusi aliyeitwa John Punch. Walikamatwa pamoja, wakarudishwa pamoja, na wote watatu wakahukumiwa viboko 30. Mholanzi na Mskoti wakaongezewa miaka minne ya kazi, mmoja kwa bwana wao na mitatu kwa koloni. Punch akahukumiwa kumtumikia bwana wake maisha yake yote. Kosa lilikuwa moja na safari ilikuwa moja. Hapo Johnson bado hajafika mahakamani kwa ajili ya Casor, kwa miaka 15.

Sasa hili la watumishi wa mkataba. Video imechukua jambo la kweli ikalitumia vibaya. Waingereza walifika Jamestown mwaka 1607, na miaka michache baadaye wakagundua kwamba utajiri wa Virginia ni tumbaku. Tumbaku inataka mikono mingi mwaka mzima: kupanda miche, kuihamisha, kupalilia, kutoa wadudu jani kwa jani, kukata, kukausha. Maskini wa Uingereza wakawa wanatia sahihi karatasi ya kufanya kazi miaka minne hadi saba ili walipiwe nauli ya meli. Aliyewalipia alipewa ekari 50 za ardhi kwa kila kichwa. Watumishi hao waliuzwa kutoka bwana mmoja kwenda mwingine na walichapwa. Yalikuwa maisha magumu, lakini yalikuwa na tarehe ya mwisho.

Waafrika wa kwanza kuletwa Virginia hawakutia sahihi karatasi yoyote. Mwishoni mwa Agosti 1619 meli ya Kiingereza, White Lion, ilitia nanga Point Comfort, mahali ambapo leo ni mji wa Hampton. Ndani yake mlikuwa na Waafrika ishirini na ushei, kama alivyoandika mkoloni mmoja aliyeitwa John Rolfe. Walikuwa wameporwa baharini kutoka meli ya Kireno, São João Bautista, iliyotoka Luanda na watu 350 ikielekea Veracruz, Meksiko. Gavana na mfanyabiashara mkuu wa koloni waliwanunua kwa chakula.

Wengi wao walitoka ufalme wa Ndongo, katika Angola ya leo, na lugha yao ilikuwa Kimbundu. Hapa mwite kijana asikilize: kwa Kimbundu, mtu ni *mutu*. Kimbundu na Kiswahili ni ndugu wa ukoo mmoja wa Kibantu, kutoka bahari hii hadi bahari ile. Nimewafundisha vijana wetu jambo hili mara nyingi, na kila mara nawaona wakinyamaza kidogo. Wale watu walioshushwa Point Comfort walikuwa na neno la mtu ambalo mwanao angelitambua.

Na lile neno la shemeji, "sisi", linahitaji kuguswa. Miaka ya 1618 na 1619 gavana wa Kireno wa Luanda aliivamia Ndongo akishirikiana na wapiganaji wa Imbangala, akachukua mateka kwa maelfu. Imbangala walikuwa Waafrika, na mtoto asifichwe hilo. Lakini mkulima wa Ndongo aliyechomewa kijiji na kufungwa minyororo hakumwona Imbangala kama mwenzake, kama vile Mwingereza wa wakati ule hakumwona Mhispania kama mwenzake. "Sisi Waafrika" ni neno tulilojifunza kulitumia baadaye sana.

Je, hao wa 1619 na waliofuata walikuwa watumwa au watumishi? Virginia haikuwa na sheria ya utumwa wakati huo, na kupitia mwanya huo baadhi yao walijikomboa. Wengine walitumikishwa hadi kufa. Angalia orodha za wakazi za 1624 na 1625: Mwingereza ameandikwa jina lake lote, mara nyingi pamoja na meli aliyokuja nayo na mwaka. Mwafrika ameandikwa jina moja, au ameandikwa tu "mtu mweusi mmoja". Mwandishi wa orodha alishajua anaandika watu wa aina mbili.

Ndani ya mwanya huo ndimo alimoishi Johnson. Alifika mwaka 1621 kwa meli iitwayo James, akaandikwa "Antonio". Machi 22, 1622, Wapowhatan, wenye nchi hiyo, walishambulia mashamba ya wakoloni na kuua watu 347. Yeye alinusurika. Mwaka huohuo aliletwa mwanamke Mwafrika, Mary, katika shamba alilokuwa akifanya kazi Johnson. Wakaoana, wakaishi pamoja zaidi ya miaka 40 na kuzaa watoto wanne, katika nchi ambayo wageni wengi hawakuvuka miaka michache. Kufikia 1651 walikuwa huru, wana mifugo, na Anthony akapata hati ya ekari 250.

Mwaka 1653 moto ukateketeza mali yao. Mahakama ya kaunti ikawahurumia: Mary na binti zake wawili wakasamehewa kodi maisha yao yote. Inapendeza kusikia, lakini jiulize kodi gani hiyo. Mwaka 1643 baraza la Virginia lilikuwa limeamua kwamba wanawake Waafrika watozwe kodi kama wanaume wa shambani. Mwanamke wa Kiingereza hakutozwa. Msamaha wa Mary ulikuwa wa kuondolewa mzigo aliotwishwa kwa rangi yake.

Kisha ikaja ile kesi. John Casor, mweusi aliyekuwa akimtumikia Johnson, alimwendea jirani mwaka 1654 akalalamika kwamba alikuja Virginia kwa mkataba wa miaka saba au nane, na Johnson amemzidishia. Johnson akajibu kwamba hajaona mkataba wowote, huyo ni wake maisha. Majirani Wazungu wawili, George na Robert Parker, wakasimama upande wa Casor. Mke wa Johnson na watoto wake wakamsihi amwachie, naye akamwachia. Casor akahamia kwa Robert Parker. Baadaye Johnson akabadili mawazo, akamshitaki Parker kwa kumshikilia mtu wake. Mahakama ikampa Johnson haki na kuamuru Casor arudishwe.

Usimtetee Johnson kwa hilo. Alimnyima mtu uhuru, mtu aliyepita njia ileile aliyopita yeye. Kijana wako ana umri wa kutosha kuelewa kwamba aliyeonewa anaweza kuonea. Lakini itazame picha nzima: majaji walikuwa Waingereza, na Parker aliyempokea Casor naye alikuwa akihitaji mikono ya tumbaku. Kesi hiyo haikutunga sheria. Ilionyesha tu kwamba mwaka 1655 mahakama ya Virginia haikushangaa kusikia mtu mweusi akidaiwa kuwa mali ya mtu maisha yake yote.

Mambo mazito yalikuja baadaye, na hayo ndiyo ningependa kijana ayashike kuliko jina la Johnson. Mwaka 1656 mwanamke aliyeitwa Elizabeth Key, ambaye mama yake alikuwa Mwafrika, alishinda kesi na kupata uhuru. Hoja zake zilikuwa mbili kubwa: baba yake alikuwa Mwingereza huru, na yeye mwenyewe alikuwa Mkristo aliyebatizwa. Ona kilichofuata. Mwaka 1662 baraza likatunga sheria kwamba mtoto atafuata hali ya mama yake. Mwaka 1667 likatunga nyingine kwamba ubatizo haumwondolei mtu utumwa. Njia zote mbili alizopita Elizabeth zikazibwa ndani ya miaka 11.

Ile ya 1662 inastahili tukae nayo kidogo, na sisi watu wa pwani tunaweza kuielewa vizuri kuliko wengine. Kwa desturi ya Waingereza mtoto alifuata baba. Hata huku kwetu, kwa sheria ya Kiislamu, mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake alizaliwa huru na kurithi; Majid na Barghash, masultani wa Unguja, mama zao walikuwa masuria. Sisemi utumwa wa pwani ulikuwa mwema, haukuwa. Nasema Virginia iliigeuza desturi yake yenyewe, na faida ilikuwa wazi: bwana akimwingilia mwanamke mtumwa kwa nguvu, mtoto atakayezaliwa ni mali yake ya kuuza. Sheria hiyo ikafanya tumbo la mwanamke kuwa shamba la bwana.

Sheria ya 1669 ikasema bwana akimuua mtumwa wakati wa kumwadhibu hajatenda jinai. Ya 1670 ikawakataza weusi walio huru kununua watumishi Wakristo, maana yake Wazungu. Ya 1691 ikapiga marufuku ndoa za Mzungu na mweusi, na ikaamuru anayemwachia mtumwa huru amlipie gharama ya kutolewa nje ya koloni ndani ya miezi sita. Mwaka 1705 zote zikakusanywa na kukazwa katika sheria moja ndefu. Mtoto aliyezaliwa mwaka ambao Punch alihukumiwa, kama alijaaliwa kufika uzeeni, aliuona utumwa wote ukijengwa kuanzia msingi hadi paa.

Kwa nini wakati ule? Hapa wengi hudhani Wazungu walikuja na mpango huo kichwani tangu melini. Dharau ilikuwepo tangu mwanzo, zile orodha za 1624 zinaionyesha. Lakini kilichosukuma ni hesabu. Mtumishi wa mkataba alikuwa na bei ndogo kuliko mtu wa kununuliwa maisha, na miaka ya mwanzo maradhi yaliwaua wageni wengi kabla hawajamaliza mikataba yao. Nani atalipa bei ya maisha mazima kwa mtu ambaye huenda mwakani akazikwa? Kufikia miaka ya 1660 vifo vilipungua na hesabu ikageuka. Waingereza maskini nao wakawa wanakuja kwa uchache zaidi, na waliomaliza mikataba walikuwa na bunduki, hawana ardhi ya maana, na wana hasira. Mwaka 1676 waliingia kwenye uasi wa mkoloni Nathaniel Bacon dhidi ya gavana, wakaichoma Jamestown. Miongoni mwa waasi wa mwisho kushika silaha walikuwa Waafrika 80 na Waingereza 20, bega kwa bega.

Wapo wanaosema uasi huo ndio uliozaa utumwa wa rangi. Mimi nauona ulichochea moto uliokuwa umeshawashwa. Sheria ya tumbo la mama ilitangulia kwa miaka 14. Mwaka 1671 gavana Berkeley alikadiria koloni lina watu 40,000, na kati yao watumwa weusi 2,000 na watumishi Wakristo 6,000. Sensa ya kwanza ya taifa jipya, mwaka 1790, ilikuta watumwa zaidi ya 292,000 Virginia peke yake.

Na familia ya Johnson? Katika miaka ya 1660 walihamia Maryland, Anthony akakodi ekari 300, akafariki mwaka 1670. Mwaka huohuo jopo la wakazi lililoitwa na mahakama huko Virginia liliamua kwamba ardhi aliyoiacha inaweza kuchukuliwa na serikali, kwa sababu alikuwa mtu mweusi na kwa hiyo mgeni asiye raia. Miaka zaidi ya 40 ndani ya Virginia, hati mkononi, kodi amelipa, halafu ni mgeni. Mwaka 1677 mjukuu wake alinunua ekari 44 huko Maryland, akalipa shamba lake jina: Angola.

Shemeji akishindwa hapa, atakuja na hoja ya pili, kwa hiyo nikuandae. Atasema hata wakati wa jamhuri kulikuwa na weusi wenye watumwa. Ni kweli. Hesabu za sensa ya 1830 zinaonyesha weusi huru wapatao 3,800 walioandikwa kuwa na watumwa karibu 13,000. Wakati huo watumwa wote nchini walikuwa zaidi ya milioni 2, kwa hiyo hao hawafiki hata mmoja kati ya 100. Wengine walimiliki watu kwa faida kabisa, hasa Louisiana na South Carolina. Lakini kwa wamiliki wengi, huyo "mtumwa" alikuwa mke, mtoto au mzazi wa mwenye jina.

Sababu ni sheria tena. Baada ya vita vya uhuru, mwaka 1782, Virginia iliruhusu mabwana kuwaachia watumwa wao, na kufikia 1790 weusi huru walikuwa zaidi ya 12,000. Viongozi wakaogopa. Mwaka 1806 wakaamuru kwamba anayeachiwa huru aondoke jimboni ndani ya miezi 12. Sasa mweke mwanamume huru, fundi seremala tuseme, aliyejibana miaka kumi akamnunua mke wake. Akimwandikia hati ya uhuru, mke anafukuzwa Virginia. Asipomwandikia, mke anabaki nyumbani, na kwenye sensa mume anahesabiwa mmiliki wa mtumwa. Naye yumo ndani ya namba inayosambazwa leo kwenye simu.

Kwa kijana, mimi ningemwambia hivi: "Johnson alikuwepo na alifanya kosa. Hakuwa wa kwanza. Alitekwa, akajikomboa, akamshikilia mwenzake, na mwisho ardhi yake ikachukuliwa kwa rangi yake. Sheria zilitungwa na watu tunaowajua kwa majina, na tarehe zake ninazo." Kisha mpe tarehe tatu tu: 1640, 1662, 1705. Mtoto wa miaka 13 akiwa na tarehe tatu mkononi habebwi na maneno ya mtu. Shemeji usigombane naye kwenye kundi. Mpigie, mzungumze wawili.

La shuleni ni jambo jingine, na hilo historia peke yake haitalimaliza. Wenzake wawili kumrudia rudia kwa maneno hayo ni kumchokoza. Nenda ukaonane na mwalimu wake wa darasa ana kwa ana, usitume ujumbe tu, na kama Kiingereza cha mambo rasmi kinakupa shida una haki ya kuomba mkalimani. Ukiona kijana hataki tena kwenda shule, halali vizuri, au amekuwa mkimya kuliko kawaida yake, mwombe mshauri wa wanafunzi akae naye.

Na kwa kuwa mko Virginia, mpeleke akaone. Eastville, makao ya kaunti ya Northampton, panatunzwa kumbukumbu za mahakama zilizoanza mwaka 1632 bila kukatika, ndizo kongwe kuliko zote za aina hiyo nchini. Mtavuka daraja refu la ghuba ya Chesapeake kwa gari, na safari yenyewe ataipenda. Pigeni simu kwanza kuuliza siku na saa. Mkifika, ombeni kuonyeshwa za miaka ya 1650, na kwa kuwa mwandiko wa zama zile ni mgumu kusomeka, mwombeni karani awasaidie kulipata jina la Casor.